Nasoma Usiku na Alfajiri, Lakini Mtihani Unanishinda

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu zangu kutoka Busia. Mimi ni msichana wa Senior 4 katika shule ya kutwa, na katika muhula huu wa tatu nitaketi mtihani wa UCE, ule wa kumaliza miaka minne ya kwanza ya sekondari hapa Uganda. Ninakuandikia kwa sababu nimefanya yote ambayo huambiwa mwanafunzi mwenye bidii ayafanye, na bado alama zangu hazisogei.

Kila siku ninaamka saa kumi alfajiri, wakati nyumba nzima imelala, na kusoma madaftari yangu hadi muda wa kujiandaa kwenda shule. Jioni ninamsaidia mama sokoni, ambako anauza dagaa wanaotoka Majanji, na tukisharudi na kula ninasoma tena hadi usingizi unishinde. Madaftari yangu ni safi. Mistari muhimu nimeipaka kalamu ya rangi, na madokezo ya Biolojia na ya Historia nimeyanakili upya yote katika daftari jingine ili yasomeke kwa urahisi. Ninaposoma ninaelewa, na nikifika mwisho wa mada ninaona kwamba nimeimaliza. Lakini katika mtihani wa majaribio wa mwishoni mwa muhula wa pili, karatasi ya Biolojia ilileta mambo niliyokuwa nimeyasoma wiki hiyo hiyo, na sikuweza kuyaandika. Nilijua kwamba nimeyaona, nilijua hata yako upande gani wa ukurasa, lakini hayakuja. Katika Hisabati, maswali ambayo darasani ninayaweza yalinichanganya. Katika Historia mwalimu aliandika pembeni kwamba nimemwaga madokezo bila kujibu nilichoulizwa.

Mama, ambaye hakupata nafasi ya kusoma sana, ameanza kusema, wala si kwa ubaya, kwamba huenda kichwa changu si cha vitabu. Binamu yangu aliye katika shule ya bweni upande wa Mukono anasema wao hulala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, na kwamba nami nipunguze usingizi. Kisha kuna wenzangu darasani wanaochanga pesa ili wanunue karatasi ambazo mtu mmoja katika kikundi cha WhatsApp anadai kwamba ndizo za mtihani wenyewe. Wananiambia kwamba nikikataa nitabaki nyuma peke yangu.

Naomba unieleze ukweli. Je, niongeze saa za kusoma? Nipunguze usingizi? Nimwambie mama kwamba siendi tena sokoni? Au ni kweli kwamba kichwa changu hakifai?

Mtahiniwa, Busia

Mwanangu mpendwa,

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalokuumiza kuliko mengine, na kwa sababu barua yako yenyewe imekwisha kulijibu. Mtu anayekumbuka kwamba jambo fulani lilikuwa upande wa kushoto wa ukurasa, karibu na chini, hana kichwa kibovu hata kidogo. Kichwa chako kimehifadhi mengi. Tatizo ni kwamba umekizoeza kazi moja, ya kuingiza, na mtihani unakidai kazi nyingine, ya kutoa, ambayo kwa mwaka mzima hukukipa nafasi ya kuifanya. Uliyoieleza ni kasoro ya njia ya kusoma, na njia hubadilishwa, hata katika majuma haya machache yaliyobaki.

Tazama vizuri kinachotokea unapokaa na daftari lako alfajiri. Unasoma sentensi, inakupitia kwa wepesi kwa sababu umekwisha kuiona mara nyingi, na ule wepesi ndio unaokuambia kwamba umeelewa na kwamba mada imekwisha. Lakini wepesi huo unatoka kwenye karatasi iliyo mbele ya macho yako. Hali hii ni sawa na ya mteja anayepita mbele ya meza ya mama yako kila soko: ukimwona unamtambua mara moja, ila ukiulizwa jina lake naye hayupo, unashindwa. Katika chumba cha mtihani daftari halipo, na kwa hiyo kule kutambua ambako umekuwa ukikutegemea kunakosa cha kushika. Kupaka rangi mistari hakuongezi sana nguvu ya kukumbuka, na kunakili madokezo upya, kwa mwandiko mzuri kama ninavyouwazia wako, ni kazi ya mkono ambayo akili inaweza kuiacha iendelee peke yake huku yenyewe imesinzia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha habari za kisayansi wakisome. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja tu, kisha likaambiwa mara tatu liandike kwenye karatasi tupu kila linalokumbuka, bila kurudi kwenye kifungu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliwashinda wenzao, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na wale waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 61. Ningependa uitafakari sehemu ya kwanza ya matokeo hayo zaidi ya ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wanafunzi wengi wa nchi hii. Anayesomasoma huona faida papo hapo, hufunga daftari akiwa ameridhika, na hasara inamfikia siku ambayo haiwezekani tena kuirekebisha. Anayejipima huhisi kwamba hajui kitu, huona aibu mbele ya karatasi tupu, na ndiye anayebaki na mali.

Kwa hiyo, kuanzia leo, saa zako za kusoma zigeuze. Chukua mada moja, tuseme osimosisi, yaani maji kupenya utando wa seli, uisome mara moja kwa utulivu, kisha funga daftari na uliweke mbali mahali ambapo mkono haufiki. Katika karatasi tupu andika kila unachokumbuka: maji husafiri kutoka wapi kwenda wapi, yanapita katika utando wa namna gani, seli ya mmea hufanywaje ikiwekwa katika maji ya chumvi nyingi, na kwa nini seli nyekundu ya damu hupasuka ikitiwa katika maji matupu lakini seli ya mmea haipasuki. Chora na michoro. Utakwama. Ukikwama usikimbilie daftari. Kaa hapo dakika mbili tatu ukitafuta, maana ule utafutaji wenyewe, hata usipofanikiwa, huitayarisha akili kulipokea jibu. Ndipo ufungue daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine, hiyo hiyo uliyokuwa ukiipotezea kwenye mistari, uandike yale uliyoyasahau na usahihishe uliyoyakosea. Karatasi hiyo sasa inakuonyesha jambo ambalo daftari safi haliwezi kukuonyesha, yaani mpaka kati ya unachokijua na unachodhani unakijua. Kesho yake huna haja ya kuisoma mada yote. Unashughulikia yale ya rangi ya pili tu.

Karatasi za kufanyia haya zisikutie gharama. Nyuma ya vitabu vya mazoezi vya miaka iliyopita huwa kuna kurasa nyingi zilizobaki wazi, na hata vifungashio vinafaa, kwa sababu baada ya kujisahihisha huhitaji kuvihifadhi.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, lakini ninalidhania kwa sababu nimelikuta kwa watoto wengi wa mipakani. Nyumbani na sokoni mnazungumza Kiswahili na Kisamia, na shuleni mnafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa namna hiyo hujikuta amebeba sentensi za Kiingereza kama zilivyo katika madokezo, na akisahau neno moja katikati sentensi nzima inamponyoka, kwa sababu hakuwa ameshika maana, alikuwa ameshika maneno. Basi unapofunga daftari, jieleze kwanza kwa sauti katika lugha unayoota nayo ndoto. Ukiweza kumweleza mama yako kwa Kisamia kwa nini mmea hunyauka, umeelewa. Usipoweza, umekariri. Hiyo ni nusu ya kwanza ya kazi, na nusu ya pili haiepukiki: maelezo hayo hayo yaandike kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi ulizozitunga mwenyewe, kwa sababu msahihishaji atasoma Kiingereza na hawezi kukupa alama kwa maana iliyobaki moyoni. Wanaoifanya nusu moja peke yake huanguka, wawe ni wale wanaokariri Kiingereza wasichokielewa au wale wanaoelewa vizuri kwa lugha ya nyumbani lakini hawajawahi kuyaandika kwa lugha ya mtihani. Maneno ya kisayansi yenyewe yajifunze kwa tahajia sahihi, maana hayo hayana njia ya mkato.

Sasa nije kwa mwalimu wako wa Historia, ambaye kwa maoni yangu amekupa ushauri mzuri kuliko wowote uliopata mwaka huu, ingawa ulikuja katika maneno machache makali. Wewe ni mtahiniwa wa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza mwaka 2020 na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Katika mtaala huo asilimia 20 ya alama zako zinatokana na tathmini endelevu iliyofanywa shuleni, na asilimia 80 zinatokana na mtihani wa mwisho wa Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Mtihani wenyewe hauombi tena orodha ya sababu sita za jambo fulani. Unakusimulia kisa cha watu walio katika tatizo, kisha unakupa kazi: washauri, waandikie, wapangie, waelezee. Anayejibu kwa kumwaga madokezo, hata yakiwa sahihi yote, hajawasaidia watu wa kwenye kisa, na alama ziko kwenye kuwasaidia.

Chukua Mkataba wa Buganda wa 1900. Unaweza kuwa umekariri masharti yake yote, kodi ya kibanda na mgawanyo wa ardhi kati ya Serikali ya Uingereza, Kabaka na wakuu wake. Kisha mtihani ukakusimulia juu ya kijiji ambacho wakulima wanatishiwa kufukuzwa na mtu anayedai kwamba ardhi ile ni maili ya babu yake, yaani ardhi ya kumiliki iliyotokana na mkataba huo, ukaambiwa uwaeleze wanakijiji chanzo cha mgogoro na upendekeze la kufanya. Kodi ya kibanda haina kazi hapo, na ukiiandika umepoteza muda. Unachotakiwa kuchomoa ni ule mgawanyo wa ardhi, umuhimu wake kwa waliokuwa wakiilima bila kupewa hati, na jinsi ulivyoacha watu wawili wenye haki juu ya kipande kimoja cha ardhi. Ujuzi ni ule ule uliokariri, lakini umechaguliwa na kuelekezwa. Uchaguzi huo haujifunzwi kwa kusoma madokezo mara ya kumi. Hujifunzwa kwa kujibu visa, na kwa kuwa karatasi za mtaala mpya bado ni chache na zile za kabla ya 2024 ziliulizwa kwa mtindo wa zamani, itakubidi uvitunge visa vyako mwenyewe pamoja na wenzako na kuwaomba walimu wavipitie. Karatasi za zamani usizitupe. Zinafaa kupima kama unalijua somo, ila zisikufundishe namna ya kujibu.

Nawe una mahali pa kutungia visa ambapo wengi hawana. Umekaa mbele ya dagaa kila jioni. Jiulize: kwa nini msimu wa mvua dagaa wa mama huharibika haraka? Bakteria wanahitaji maji ili wakue, na dagaa ambaye hakukauka vizuri juani bado ana maji ya kuwatosha. Chumvi inasaidiaje? Inavuta maji kutoka katika nyama ya samaki na kutoka katika seli za bakteria wenyewe, na hapo tumerudi kwenye osimosisi ile ile iliyokukimbia kwenye karatasi ya majaribio. Kwa nini dagaa waliotandazwa juu ya vichanja hukauka vizuri kuliko waliomwagwa chini? Hewa huwapitia juu na chini, na hawachanganyiki na mchanga wala uchafu. Andika kisa cha wafanyabiashara wa Busia wanaopata hasara wakati wa mvua, kisha ujibu kwa ukurasa mmoja kama vile umeombwa uwashauri. Katika Hisabati hesabu faida na hasara ya mama kwa asilimia, akiwa amenunua gunia kwa bei moja na kuuza kwa vikombe, na sehemu fulani imeharibika. Mwanafunzi aliyezoea kuiona sayansi katika mambo yanayomlisha hatishiki mtihani unapomletea kisa cha wavuvi, cha wakulima wa kahawa au cha kituo cha afya, kwa sababu amekwisha kuzoea kuuliza ni kanuni gani iliyojificha ndani yake.

Kwa hiyo usimwambie mama kwamba huendi tena sokoni. Mwombe kitu kidogo zaidi: kwamba katika majuma haya yaliyobaki akuachie uondoke saa moja mapema, au siku zile ambazo si za soko kubwa ubaki nyumbani. Na ukiwa naye, wakati wa kuchambua dagaa wakati wateja ni wachache, mweleze ulichosoma alfajiri. Nina sababu nyingine ya kulitaka hilo. Mama aliyesema kwamba huenda kichwa chako si cha vitabu hajawahi kusikia kilichomo katika kichwa hicho. Ameona tu karatasi ya matokeo. Akikusikia jioni baada ya jioni ukieleza kwa nini samaki huoza na ardhi ya maili ilitoka wapi, atakuwa na jambo jingine la kukuhukumia, nawe utapata mtu wa kukuuliza maswali ya kweli, maana asiyejua somo huuliza pale pale ambapo maelezo yako yana tundu.

Hisabati ina ugonjwa wake wa pekee, na nadhani nimeutambua katika sentensi yako moja, uliposema kwamba maswali unayoyaweza darasani yalikuchanganya kwenye mtihani. Darasani mnafundishwa mada moja, kisha mnafanya maswali kumi ya mada hiyo, na kufikia swali la tatu hujiulizi tena utumie njia gani, kwa sababu mwalimu amekwisha kukuchagulia. Mtihani hauchagui. Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walilionyesha hili mwaka 2007 kwa wanafunzi waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi ya umbo moja baada ya jingine walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliofanya maswali yaliyochanganywa walipata asilimia 60. Baada ya wiki, wa kwanza walishuka hadi asilimia 20 na wa pili walipata 63. Basi usifanye tena maswali kumi ya mada moja kwa mfululizo. Chukua moja la uwiano, moja la seti, moja la takwimu, moja la pembetatu, uyaandike kwenye vipande vya karatasi, uyachanganye, na kabla ya kugusa kalamu useme kwa sauti ni njia gani utakayotumia na kwa nini. Utakosea zaidi kuliko ulivyozoea. Vumilia.

Kuhusu kurudia, nitasema kwa ufupi. Tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha vipimo vyake juu ya usahaulifu mwaka 1885, inajulikana kwamba tunasahau kwa kasi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kulikotawanywa kunashinda kurudia kulikolundikwa mahali pamoja. Mada uliyojipima leo, jipime tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Mara zote hizo daftari limefungwa. Kadiri unavyorudia, ndivyo kila mara itakavyokuchukua muda mfupi zaidi. Ndiyo maana njia hii haihitaji uongeze saa.

Na usingizi usiupunguze. Hapa ninampinga binamu yako waziwazi, na ninaipinga desturi ya baadhi ya shule zetu za bweni zinazojivunia kuwaamsha watoto usiku wa manane wakakae mbele ya vitabu wakiwa wamefumba macho. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18, na si kwa ajili ya kupumzisha mwili peke yake: ni wakati wa usingizi ambapo ubongo huyaimarisha yale yaliyojifunzwa mchana. Mwanafunzi anayekata usingizi ili asome zaidi anaharibu usiku ule ule kazi aliyoifanya mchana, na kesho yake anakaa darasani asisikie kitu, kisha anatafuta vinywaji vya kumwamsha ambavyo vitamkosesha usingizi tena. Kama huna budi kuamka saa kumi, uwe umelala saa mbili usiku. Kama kazi za nyumbani haziruhusu hilo, lala saa tatu na uamke saa kumi na moja. Saa moja ya daftari lililofungwa itakufaa kuliko saa tatu za kusomasoma, na saa uliyoiokoa ilale.

Kwa zile karatasi za WhatsApp nitakuwa mkali, kwa sababu ninakupenda na kwa sababu nimeona watoto wakilia mwezi wa pili, matokeo yanapotoka, kwa jambo walilolifanya mwezi wa kumi. Usichange hata shilingi. Wengi wanaouza karatasi hizo ni matapeli wanaochukua maswali ya zamani, wakabadilisha kichwa cha karatasi, na kuwauzia watoto wenye hofu. Anayenunua hupoteza pesa kwanza, kisha hupoteza siku chache za mwisho akikariri majibu ya maswali ambayo hayatakuja. Na kama ikitokea kwamba karatasi ni za kweli, hali ni mbaya zaidi. UNEB ina mamlaka ya kuzuia na kufuta matokeo ya watahiniwa waliohusika na udanganyifu, na Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 imeyafanya matendo ya namna hiyo kuwa makosa ya jinai yenye adhabu ya kifungo. Miaka minne ya ada iliyotoka kwenye dagaa wa mama yako haiwezi kuwekwa rehani kwa ujumbe wa mtu usiyemjua. Wasipokuelewa, ondoka katika kikundi hicho leo, kabla mtihani haujakaribia, ili jina lako lisiwe miongoni mwa wanachama siku simu ya mmoja wao itakapokamatwa. Wala hutabaki peke yako. Kati ya hao wanaochanga, yupo angalau mmoja anayechanga kwa woga tu, ambaye angefurahi kupata mtu wa kusoma naye. Mtafute huyo, mkutane mara mbili kwa wiki, kila mmoja aje na visa viwili alivyovitunga, mbadilishane, mjibu bila madaftari, kisha msahihishane.

Bado kuna chumba cha mtihani. Ukipewa karatasi, soma kazi uliyopewa kabla ya kukisoma kisa, ili unapokisoma kisa uwe unajua unachokitafuta. Pigia mstari kitenzi kinachokuagiza, kisha andika pembeni kwa penseli maneno manne au matano ya mambo utakayoyatumia, na yale yasiyohusika uyaache hata kama unayajua vizuri. Gawanya muda kulingana na idadi ya maswali na ubaki na dakika chache za kupitia. Akili ikiwa tupu, nayo huwa tupu kwa kila mtu wakati fulani, usikae ukiitazama karatasi: fanya kama ulivyofanya nyumbani, andika kitu kimoja tu unachokikumbuka juu ya mada hiyo, hata kama ni mchoro wa seli, na subiri cha pili kifuate. Mtu aliyejizoeza mara nyingi kukwama na kujikwamua mbele ya karatasi tupu ana jambo la kufanya katika dakika hiyo, na mapigo ya moyo hutulia mikono inapokuwa na kazi.

Anza na Biolojia, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha. Leo usiku, kabla ya saa tatu, chukua ile karatasi ya mtihani wa majaribio na uorodheshe mada zilizokukimbia. Kesho alfajiri ujipime mada ya kwanza. Kisa cha dagaa ukishakijibu kwa Kiingereza, mpelekee mwalimu wako wa Biolojia umwombe akisahihishe kwa vigezo vya UNEB na akuonyeshe ni wapi ungepata alama na ni wapi umepiga maneno. Mwalimu anayeletewa jibu lililoandikwa ana kitu cha kusahihisha, na hatakukataa.

Wako katika elimu,
Mwalimu